Wadudu Waharibuo Miwaridi: Kuwatambua na Kuwazuia

Miwaridi hupendwa kwa uzuri na harufu ya maua yake. Kando ya Ziwa Naivasha watu wengi hupata riziki kwa maua hayo, ambayo hukatwa na kupelekwa Ulaya. Na mwenye miti miwili mitatu mbele ya nyumba yake naye huifurahia. Lakini wengi, waonapo jani lililotoboka au kichipukizi kilichojikunja, hukimbilia bomba la dawa kabla ya kumjua mdudu aliyeharibu. Kufanya hivyo ni kupoteza fedha, na mara nyingi ni kuwazidisha adui. Yafaa kwanza kumtambua mdudu kwa alama zake, ndipo kuchagua njia ya kumzuia.

1. Vidukari. Hawa ni wadudu laini, wadogo kama kichwa cha pini, wa kijani au wekundu hafifu. Hukusanyika juu ya vichipukizi na matumba, wakanyonya utomvu. Majike huzaa bila dume, na wakati wa joto mtoto huanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Mavi yao ni matamu na hunata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi huupenda utamu huo, kwa hiyo huwalinda vidukari. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, chunguza ncha za matawi. Waponde vidukari kwa vidole, au waangushe kwa maji yenye nguvu.

2. Utitiri. Huyu si mdudu hasa, kwani akikua ana miguu 8 kama buibui. Hukaa chini ya jani, na jani huwa na vitone vya manjano, kisha hukauka. Wakizidi, utaona utando mwembamba. Hustawi wakati wa kiangazi, penye vumbi. Osha majani kwa maji upande wa chini, wala usiuache mti upate kiu.

3. Wadudu wa magamba. Hushikamana na shina kama vipele vyeupe, wala hawasogei. Wasugue kwa brashi na maji ya sabuni. Tawi lililojaa likate ukalichome moto.

4. Mbawakawa na viwavi. Hawa hutafuna majani na maua. Baadhi ya mbawakawa hula usiku. Nenda na taa, uwaokote, uwatie katika maji ya sabuni.

5. Nyuki mkata majani. Ukiona pembeni mwa jani pamekatwa duara safi kama kwa mkasi, ni kazi ya nyuki huyu. Hali jani, bali hulipeleka kujengea kiota chake. Mti haudhuriki sana, naye hubeba chavua ya mimea mingine. Mwache.

Maji ya sabuni. Vidukari na utitiri wakizidi, changanya kijiko kimoja cha mezani cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza katika majani machache, ungoje siku 2. Nyunyiza asubuhi au jioni, usinyunyize wakati wa jua kali. Sabuni huua mdudu iliyemlowesha tu, kwa hiyo usisahau upande wa chini wa majani.

Wasaidizi wako. Yuko mdudu mdogo wa mviringo, mgongo wake mwekundu wenye madoa meusi, aitwaye kibibi. Yeye na watoto wake hula vidukari wengi. Dawa kali humwua yeye pia, na vidukari, kwa kuwa huzaana upesi kuliko yeye, hurudi bila mlinzi. Huko California, Marekani, michungwa ilikuwa ikiangamizwa na mdudu wa magamba kutoka Australia, ambaye hushambulia miwaridi vile vile. Mwaka 1888 Albert Koebele alitumwa Australia, akapeleka California kibibi wa huko, na baada ya muda mfupi michungwa ikapona. Katika miaka ya 1940 wakulima walinyunyiza DDT. Vibibi wakafa, na mdudu yule akarudi kwa wingi.

Basi, dawa ya sumu iwe ya mwisho. Ikilazimu, mwulize Bwana Shamba ni ipi iliyoruhusiwa, usome maandishi ya chupa, ujifunike mikono na uso, na uwaweke watoto mbali. Maua yatakayotiwa katika chakula, chai au marashi yasinyunyizwe sumu kamwe.

Kagua miwaridi yako mara moja kila juma, juu na chini ya majani. Wadudu kumi ukiwaona leo utawamaliza kwa vidole. Ukiwaacha mwezi mmoja, hata bomba halitatosha.