Ukiwashwa, Usikimbilie Dawa ya UTI

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Laela, nina miaka 29. Niliumwa kifua nikapewa antibiotiki. Nilipomaliza dozi nikaanza kuwashwa ukeni na kutokwa na uchafu mweupe mzito. Nikanunua dawa ya UTI dukani, hali ikazidi. Najiosha kwa limao na chumvi, naungua tu. Mume wangu ananituhumu kuwa natoka nje ya ndoa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Dalili zako zinafanana na fangasi wa ukeni. Fangasi hawa huweza kuishi mwilini bila kudhuru, wakidhibitiwa na bakteria wazuri. Antibiotiki huwaua bakteria hao, na dawa nyingi za UTI nazo ni antibiotiki. Ujauzito, kisukari na upungufu wa kinga pia huwachochea.

Mwambie mumeo kwamba takriban wanawake 3 kati ya 4 hupata fangasi angalau mara moja maishani. Huu hauhesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Hata asiyewahi kukutana na mwanamume huupata. Nendeni wote kituo cha afya, akayasikie mwenyewe.

Vipimo ni lazima. Uchafu wa fangasi ni kama maziwa mgando, hauna harufu kali. Ukiwa wa kijivu wenye shombo ya samaki, au wa kijani wenye povu, au ukiumwa tumbo la chini na homa, huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine. Fangasi hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni au kidonge cha flukonazoli. Mjamzito asimeze flukonazoli.

Limao na chumvi acha leo. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje tu, kwa maji. Baridi yetu ya Ufipa mwezi Juni na Julai hutufanya tuvae taiti za nailoni zinazofungia jasho: ndani vaa chupi ya pamba, na usiku ivue. Msimu wa mvua wengi wetu huanika chupi ndani kwa haya, zikabaki na unyevu. Zianike juani, au zipige pasi mpaka zikauke.

Hali hii ikijirudia mara kwa mara ndani ya mwaka, omba upimwe sukari na VVU.

Usisubiri, mwanangu. Fangasi wanatibika kwa siku chache, na ndoa yako haistahili kuvunjika kwa ajili yao.