Unanunua kinanda cha zamani? Kiwashe kwanza, pesa baadaye

Wiki hii tunaongelea kitu ambacho pengine hukutarajia kukipata hapa: sintesaiza za miaka ya 80, yaani vile vinanda vinavyotengeneza sauti zake vyenyewe kwa umeme.

Sababu ni mwenzetu mmoja ofisini. Jumapili yeye hupiga kinanda kanisani, na kwa muda mrefu amekuwa akitamani Yamaha DX7. Akaiona mtandaoni, picha safi kabisa, bei Sh60,000. Muuzaji alikuwa mji mwingine, na akamwambia kuna watu wengine watatu wanaitaka. Unajua hiyo presha. Mwenzetu akatuma pesa zote siku hiyo hiyo. Kinanda kikaja na basi, akakichomeka ukutani, kikawaka sekunde chache tu, halafu nyumba ikajaa harufu ya kuungua.

Kumbe kilitengenezewa soko la Marekani, umeme wa volti 120. Hapa kwetu soketi inatoa 240.

Kesho yake akatuuliza swali ambalo wateja hutuuliza kila siku: "Si mnirudishie tu hiyo pesa?" Yeye anafanya kazi na sisi, lakini hata yeye tulimwambia haiwezekani.

Kurudisha muamala si waranti

Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Ulitaka kumtumia mama, pesa zikaenda kwa mtu usiyemjua: hapo ripoti haraka, kabla hajazitoa. Lakini ukimtumia mtu uliyekusudia, kiasi mlichokubaliana, huo muamala hauna kosa. Kosa liko kwenye bidhaa, na sisi hatukuiona. Hatuwezi kuchukua pesa za muuzaji kwa sababu kinanda kimeungua, vile vile ambavyo hatungependa mtu achukue zako baada ya kubeba mali yako.

Hiyo haimaanishi huna pa kwenda. Kama muuzaji alikudanganya, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai ya hadi Sh1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Huko utahitaji ushahidi: ujumbe wa muamala, mazungumzo yenu, picha alizotuma. Kwa hivyo usifute chochote. Tukiri tu kwamba ni safari ndefu kwa jambo ambalo dakika ishirini za kukagua zingelizuia.

Cha kuangalia kabla ya kutoa pesa

Wengi wetu tulizaliwa miaka kumi na kitu baada ya DX7 kutoka mwaka wa 1983, kwa hivyo ilibidi tuulize wanaojua. Hii hapa ndiyo elimu tuliyorudi nayo.

Anza nyuma ya kinanda, kabla hata hujakiwasha. Volti huandikwa hapo, karibu na waya wa umeme. Ukiona 100, kilitengenezewa Japani. Ukiona 120, ni cha Marekani au Kanada. Vinanda vingi vya aina hii hufika nchini na jamaa anayerudi kutoka ng'ambo, na si kila anayekiuza anajua. Cha volti 120 si kibaya, ila kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni pesa yako ya ziada. Toa gharama hiyo kwenye bei mnayojadiliana.

Halafu washa. DX7 ina kii 61, na zote unafaa kuzijaribu moja moja, polepole kisha kwa nguvu, kwa sababu sauti yake hubadilika kulingana na unavyogonga. Kii ambayo inatoa sauti kubwa tu hata ukiigusa taratibu, kuna shida chini yake. Nenda na hedifoni zako. Muuzaji akisema "spika zimeharibika lakini kinanda kiko sawa", wewe toa hedifoni kwenye mfuko.

Kisha betri. Watu hushangaa kusikia kwamba kinanda cha kuchomeka ukutani kina betri, lakini DX7 huhifadhi sauti zake 32 kwa msaada wa betri ndogo ya duara, ya volti 3, iliyo ndani. Betri ikifa, sauti zinapotea na unabaki na kelele za ajabu. Bonyeza kitufe cha FUNCTION, halafu kitufe cha 14, na kioo kitakuonyesha betri ina volti ngapi. Ikiwa imeisha usikimbie. Fundi ataitoa na kuchomelea nyingine, na sauti zile za mwanzo zinaweza kurudishwa kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa MIDI. Tatizo ni muuzaji kukuambia "iko fiti kabisa" wakati kioo chenyewe kinaandika CHANGE BATTERY. Hapo jiulize ni nini kingine hajakwambia. Korg M1 ya mwaka wa 1988 nayo ina betri ya kuhifadhi sauti, kwa hivyo uliza vivyo hivyo.

Roland Juno-106, ya mwaka wa 1984, ina ugonjwa wake tofauti. Inaweza kutoa noti sita kwa pamoja, na kila noti inapitia chipu yake. Chipu hizo zinajulikana kwa kufa na uzee. Weka kwenye POLY 1, bonyeza noti moja tu, uachie, ubonyeze tena, mara sita au zaidi. Mashine huzunguka kutoka chipu moja hadi nyingine. Ukisikia sawa, sawa, sawa, halafu kimya au mkwaruzo, umeipata iliyokufa. Chipu nyingine zinapatikana lakini huagizwa kutoka nje, na bei yake itakuumiza.

Kisha sasa, pesa

Kama muuzaji yuko mbali, tafuta mtu unayemwamini katika mji huo akakague kwa niaba yako, hata kama ni binamu ambaye hajui muziki. Mpigie simu ya video, umwelekeze. Muuzaji akikataa kinanda kiwashwe kwenye video, hiyo biashara achana nayo.

Akitaka arbuni ndipo akuwekee, toa kiasi ambacho kikipotea utakasirika lakini kodi ya nyumba utalipa. Kabla ya kutuma, mwandikie ujumbe mfupi wa wazi: aina ya kinanda, nambari ya mashine iliyoandikwa nyuma, bei kamili, arbuni ni kiasi gani, na kwamba arbuni itarudishwa kikikataa kuwaka. Subiri ajibu "nimekubali". Inaonekana kama ushamba, tunajua. Lakini ujumbe huo na ule wa muamala vikikaa pamoja ndio mkataba wenu.

Ukituma, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa la mtu mwingine kabisa na maelezo ni "hiyo ni ya shemeji yangu", simama kwanza.

Na wewe unayeuza? Usiachilie kinanda kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa sababu umepokea ujumbe unaofanana na wetu. Ingia kwenye menyu yako mwenyewe, angalia salio, ndipo umsaidie kubeba. DX7 ina kilo 14 hivi, msaada utahitajika. Mwambie pia ukweli wa betri na volti mapema. Mnunuzi aliyeyajua hayo hana sababu ya kukupigia simu saa nne usiku. Na mwandikie kwamba amekagua na kuridhika, naye ajibu, ili asije kesho kudai kwamba alikosea nambari.

Mwenzetu, bahati yake, kinanda hakikufa kabisa. Fundi alibadilisha transfoma na fyuzi, akaweka betri mpya, na sasa DX7 inalia. Muuzaji hakuchangia hata shilingi. Mwezi uliopita mwenzetu aliamua kuuza kinanda chake cha zamani cha kanisani ili afidie gharama. Mnunuzi alipofika, alikuta kinanda kimeshawashwa mezani, hedifoni kando, na karatasi iliyoandikwa kii mbili ambazo hukwama wakati wa baridi. Mnunuzi akaomba kupunguziwa Sh2,000 kwa ajili ya hizo kii. Akapunguziwa, akalipa pale pale mezani.