Haja na Tamaa Katika Matumizi ya Nyumbani

Fundisho la mwezi kwa waalimu na wazee wa sharika

Tuombapo mkate wa kila siku twaomba nini? Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakutaja chakula peke yake. Alihesabu pia nguo na viatu, nyumba na shamba, mifugo na fedha, serikali njema, afya, amani, na majirani wema. Basi haja ya mtu si tumbo tu, wala hatumfundishi mtu kwamba kuvaa viatu ni anasa. Lakini hesabu ile ina mpaka wake, nao ndio tutakao kuujua.

Haja ni kitu ambacho mtu akikikosa, mwili wake, au kazi yake, au watu wa nyumbani mwake hudhurika. Tamaa ni kitu ambacho akikikosa moyo hunung'unika, lakini hapana kinachoharibika. Kupenda kitu kizuri si uovu. Ubaya huingia pale tamaa iketipo katika kiti cha haja na kula sahani yake.

Katika nchi yetu ya Katavi jambo hili ni zito, kwa kuwa mvua zetu ni za majira mamoja, toka Novemba hata Aprili, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Atumiaye vibaya mwezi wa Juni hana mavuno mengine ya kumwokoa. Na tufanye hesabu. Tuseme nyumba moja hula debe moja la mahindi kwa juma. Mwaka una majuma 52, na gunia ni debe sita. Basi nyumba hiyo yahitaji magunia karibu 9, mbali na mbegu na wageni. Baba akiuza magunia 3 katika hayo ili anunue redio kubwa, hakuuza mahindi tu. Ameuza majuma 18 ya chakula cha watoto wake. Magunia 6 yaliyobaki, yakianza kuliwa mwanzo wa Juni, yatakwisha mapema mwezi wa Februari, wakati wa palizi, na bei ya mahindi sokoni imekwisha kupanda. Ndipo atakaponunua kwa ghali kile alichouza kwa rahisi, au ataacha shamba lake akalime la mwingine apate unga. Redio itakuwapo, ikiimba katika nyumba yenye njaa.

Walimao tumbaku wana jaribu kubwa zaidi. Fedha yao huja kwa mkupuo, nayo hukatwa kwanza mkopo wa mbolea na dawa waliopewa kwa njia ya chama cha msingi. Inayobaki huonekana nyingi kwa kuwa imekuja siku moja. Kumbe ni posho ya miezi kumi na miwili. Yafaa igawanywe nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja, kabla ya kufika dukani. Ada za shule za serikali ziliondolewa tangu mwaka 2016, hata kidato cha nne. Lakini sare, madaftari na sabuni bado vyangoja mkono wa mzazi.

Tena tusihukumiane upesi. Kitu kile kile chaweza kuwa haja kwa huyu na tamaa kwa yule. Baiskeli ni haja kwa mwalimu aendaye vijiji vitatu kila juma. Baiskeli ya pili, kwa kuwa jirani ana mpya, ni tamaa. Simu ya kupokelea fedha na kuita msaada wa mgonjwa ni haja. Fedha ya simu inayokwisha kwa maneno ya bure kabla ya jioni ni tamaa.

Mji wa Mpanda nao watufundisha. Reli ya tawi toka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na mwaka 1960 mgodi ule ulifungwa. Mshahara ulioonekana kuwa wa daima ulikwisha katika miaka kumi. Aliyenunua ng'ombe au kujenga nyumba kwa fedha ile alibaki na kitu. Aliyeila yote katika anasa alibaki na hadithi. Akiba haiozi.

Basi kabla ya kununua, mtu ajiulize: Nikikikosa, nini kitaharibika? Chaweza kungoja mwezi mmoja? Na nani nyumbani atakayepungukiwa ili mimi nikipate? Swali hili la tatu ndilo kuu, maana mara nyingi tamaa ya mkubwa hulipwa na mdogo asiyeulizwa.

Maswali ya kuzungumza:

1. Nyumba yako yahitaji magunia mangapi kwa mwaka? Umekwisha kuyahesabu?

2. Ni kitu gani ulichokiita haja mwaka jana, nacho sasa kimelala pembeni?

3. Majirani wema ni sehemu ya mkate wa kila siku. Je, jirani asiye na unga aweza kukuhesabu wewe katika mkate wake?