Kuhesabu Wapitao Njiani

Mhandisi apangapo kupanua barabara au kuchora kivuko cha waendao kwa miguu, swali lake la kwanza ni hili: ni wangapi wapitao hapo? Swali laonekana jepesi, lakini jibu lake hutegemea sana namna ya kuhesabu. Asiyehesabiwa haonekani katika mpango, hata kama hupita kila siku.

Njia mojawapo ya zamani ni kulaza bomba la mpira barabarani. Gurudumu likanyagapo bomba, hewa iliyomo husukumwa mpaka kwenye chombo cha kuhesabia. Bomba hilo huhesabu magari vizuri, lakini aendaye kwa miguu huliruka bila kuacha alama.

Katika mji wa Leuven, nchini Ubelgiji, ilianzishwa njia nyingine iitwayo Telraam. Kwa Kiholanzi hilo ni jina la ubao wa shanga wa kuhesabia. Tena “tel” ni kuhesabu na “raam” ni dirisha. Jina lasadifu kazi yenyewe, kwani kompyuta ndogo yenye kamera hufungwa ndani ya dirisha lielekealo barabara. Chombo cha kwanza kililinganisha kila picha na picha ya barabara ikiwa tupu. Kilichoongezeka ndicho kipitacho. Kwa kupima ukubwa na mwendo wake, kompyuta ilikiweka katika fungu mojawapo kati ya manne: waendao kwa miguu, baisikeli, magari madogo na magari makubwa. Picha hazikuhifadhiwa. Hesabu tu ndizo zilizotumwa na kuwekwa wazi kwenye ramani katika intaneti, ili mkazi na diwani wasome tarakimu zile zile. Kati ya mwaka 2019 na 2021, mradi wa WeCount uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya uliwashirikisha katika kazi hiyo wakazi wa Leuven, Madrid, Ljubljana, Dublin na Cardiff.

Hata hivyo, takwimu kuwa wazi si sawa na kuwa kamili. Chombo hicho cha kwanza kilihitaji mwanga wa mchana. Huko Leuven, mwezi wa Desemba, jua huchomoza karibu na saa 2 na nusu asubuhi, wakati watoto wengi wamekwisha kuondoka nyumbani kwenda shule. Msomaji asiyejua jambo hilo angeweza kuamua kuwa watoto wapitao ni wachache na kivuko hakihitajiwi, kumbe kilichokosekana ni mwanga, wala si watoto.

Tena chombo kilisimama kidogo kila mara ili kutuma hesabu, kwa hiyo hakikuhesabu dakika zote za saa. Tuseme kilihesabu baisikeli 90 katika dakika 45. Makadirio ya saa nzima ni 90 × 60 ÷ 45, yaani baisikeli 120. Hesabu hii ni sahihi iwapo tu dakika 15 zilizokosekana zilifanana na zile nyingine.

Zoezi kwa wanafunzi

Darasa lisilo na kompyuta laweza kuifanya kazi hii kwa karatasi na saa. Wanafunzi wakae mahali salama, mbali na ukingo wa barabara, wakiwa makundi mawili yasiyosemezana. Makundi yote mawili yahesabu wapitao wale wale kwa dakika 15. Kundi moja likipata watu 36 na jingine 31, tofauti hiyo ni kosa la macho, maana wapitao walikuwa wale wale.

Liko pia kosa la bahati: robo saa nyingine ingeleta idadi nyingine. Iwapo watu hupita mmoja mmoja bila kufuatana, kosa hilo hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6. Basi makadirio ya saa nzima ni 4 × 36, yaani 144, pamoja na kosa la 24 juu au chini.

Maswali

1. Kwa nini kanuni ya kipeuo haifai wakati wanafunzi wanapotoka shuleni kwa makundi?

2. Hesabu iliyofanywa saa 4 asubuhi yawasahau akina nani wa barabara yenu?