SOMO: MUSA HAKUHESABU PEKE YAKE

Kusoma: Hesabu 1:1-19

Somo hili tunawaandikia hasa wazazi wenye watoto chuoni Bujumbura. Baadhi ya vijana wetu waliopanga Cibitoke (mtaa wa mjini, si ule uliokuwa mkoa) wanaogopa somo moja kuliko yote: takwimu. Walikwenda kusomea uuguzi au maendeleo ya jamii, hawakutegemea kukutana na hesabu. Mtihani ukikaribia hawalali, na wanaona aibu kutuambia, kwa kuwa wanajua karo ilitoka wapi.

Woga huu umechunguzwa. Mwaka 1985 Robert Cruise na wenzake huko Marekani walitengeneza maswali ya kuupima, wakaugawa katika sehemu 6. Mbili kati ya hizo hazihusu namba hata kidogo: kuogopa kuomba msaada, na kumwogopa mwalimu.

Tumtazame Musa. Watu wake walikaa hemani, mbali na nyumbani, naye akaagizwa kuwahesabu. Walipatikana wanaume 603,550 wa kwenda vitani. Lakini Bwana alimpa Haruni, pamoja na watu 12 waliotajwa kwa majina, mmoja kwa kila kabila. Vijana wa Cibitoke nao wana majirani: Centre Jeunes Kamenge ya wamisionari Wakatoliki hupokea vijana wa mitaa ya kaskazini, wa makabila na madhehebu yote. Watatu wakikaa na zoezi moja, woga hupungua.

Moyo nao una sehemu yake. Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kujiamini hujengwa zaidi na jambo ulilolifanya ukaliweza. Kwa hiyo kumwambia mtoto "utaweza tu" hakutoshi. Aanze na dogo. Nyumba 5 zina watu 3, 4, 5, 8 na 10. Wastani ni 6, ingawa hakuna hata nyumba moja yenye watu 6! Tofauti na wastani ni -3, -2, -1, +2 na +4; ukizijumlisha unapata sifuri. Ndiyo maana kanuni inayotisha vijana huzizidisha kwanza zenyewe kwa zenyewe, zisifutane.

Mzazi ambaye hakusoma anaweza kusaidia pia. Akipiga simu, mwambie akueleze alichojifunza juma hili, polepole, kwa lugha ya nyumbani. Pale atakapokwama ndipo lilipo swali la kumpelekea mwalimu kesho yake.