Nguvu Peke Yake Haitoshi

Wanafunzi wenzangu, Jumamosi moja usiku tulionyeshwa sinema katika ukumbi wa shule yetu. Ilikuwa ile ya Spider-Man, yaani Mtu-Buibui, iliyoongozwa na Sam Raimi huko Marekani mwaka 2002. Shujaa huyu ni wa zamani. Stan Lee na Steve Ditko walimtoa mara ya kwanza katika kijitabu cha hadithi za picha mwaka 1962. Sisi wavulana tulishangilia kila alipomwangusha adui. Lakini mimi nilitoka ukumbini na swali: je, uanaume wa kijana yule ulikuwa katika ngumi zake? Natuchunguze pamoja.

Peter Parker ni yatima, analelewa na ami yake, Ben, na mke wa ami, May. Siku moja anaumwa na buibui, akapata nguvu za ajabu. Je, anazitumia kusaidia watu? Hata kidogo! Anakwenda kushindana mieleka apate fedha za kununua motokaa, ili apendeze mbele ya msichana. Mzee Ben anapomwonya, anamjibu kwa ukali kwamba yeye si baba yake.

Peter anashinda, lakini badala ya dola 3000 anapewa 100 tu. Akilalamika, mwenye mashindano anamwambia kuwa shida hiyo haimhusu. Mara mwizi anaingia, anamnyang'anya bwana yule fedha zake na kukimbia. Peter angaliweza kumzuia kwa mkono mmoja. Lakini anampisha, kisha anamrudishia bwana yule maneno yake yale yale. Muda si muda anamkuta ami yake amelala barabarani, amepigwa risasi. Anamfuata mwuaji, anamkamata, anamtazama usoni: ni yule mwizi aliyempisha.

Hapo ndipo penye somo. Peter hakumpiga mtu risasi wala hakuiba. Alikaa kando tu. Hata hivyo hamtupii mtu mwingine lawama. Tangu siku ile anaishi kama mtu mwenye deni.

Jambo hili lilinichoma moyo. Mwaka uliotangulia niliona wavulana wawili bwenini wakimpokonya mtoto wa darasa la chini sukari yake. Mimi nilikuwa na nguvu kuliko wao wote wawili. Nikageukia ukuta, nikajifunika blanketi. Nami nilikuwa nikijisifu kuwa mwanamume kamili kwa sababu silii nikichapwa!

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili. Mwisho wa sinema Mary Jane anamwambia Peter kwamba anampenda, naye anamkataa ili maadui wasije wakamdhuru. Wenzangu wengi walisema, "Huyo ndiye mwanamume!" Mimi sikukubali yote. Kumlinda mtu ni vema, lakini Peter hakumwuliza mwenyewe anataka nini. Katika sinema ya pili, ya mwaka 2004, Mary Jane anakuja kumwambia kwamba hatari anaijua, na uamuzi ni wake. Tena katika sinema hiyo hiyo, Peter anapolegea baada ya kusimamisha treni kwa nguvu zake zote, abiria ndio wanaomshika asianguke. Basi, kuwajibika si kuwabeba watu kama mizigo. Ni kutowapa kisogo, na kukubali kwamba wao nao wana akili na mikono.

Asubuhi baada ya sinema nilimwendea yule mtoto wa sukari, nikamwomba radhi. Aliniangalia kidogo, akasema, "Kaka, nilijua huna usingizi." Neno hilo ni zito kwangu kuliko fimbo yo yote.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, anayeacha ubaya utendeke ana hatia sawa na anayeutenda? Toa sababu.
2. Taja siku moja uliposema, "Hayanihusu." Nani alilipa gharama yake?