Picha za Video Kukwama Katika Kompyuta za Zamani

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa kompyuta ya nyumbani inayokwamisha picha za video, hali sauti ikiendelea, si lazima iwe mbovu. Mara nyingi chanzo ni namna video ilivyobanwa. Mfumo wa H.265 uliidhinishwa mwaka 2013. Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida hazina sehemu maalumu ya kuufungua, hivyo kazi yote huielemea prosesa.

Kabla ya kununua kompyuta nyengine, inashauriwa kuihamishia video kwenye diski ya ndani na kuzifunga programu zisizotumika. Ikiendelea kukwama, itolewe nakala ya mfumo wa H.264 wa mwaka 2003, yenye mistari 720. Video ya asili isifutwe, kwani ubora uliopunguzwa haurudi.